Uzito wa Shangazi Rode

Harufu ya mninga uliolowa hunirudisha mbali. Juzi tulikwenda kwa fundi seremala pale Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori, kuchukua jeneza la shangazi yangu Rode. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, maranda yamelowa chini, mekundu, yananukia. Wenzangu wakaingia ndani kukagua vishikio. Mimi nikabaki nimesimama juu ya maranda kama mtu aliyesahau alichofuata. Mtoto wa mdogo wangu akaniuliza, "Shangazi, unaumwa?" Nikamwambia hapana, nanusa. Akaniacha. Vijana ukiwaambia unanusa wanakuacha, wanajua uzee umeingia.

Mimi si mtu wa kuandika. Darasa la nne nilimaliza kwa kusukumwa, na la tano nililiona kupitia dirishani. Hata kalamu hii nimeazima kwa mjukuu. Lakini pale msibani walisoma habari za marehemu, wakasema alikuwa mcheshi, aliimba kwaya, aliuza maharage mpaka upande wa Zambia, kisha wakakaa. Lile kubwa hawakulisema. Tunaolijua tumebaki wachache, na sisi tuliobaki tulikuwa tunalia. Basi nimeona niliandike, kwa ajili yenu wenzangu wa rika langu, mliobeba maji kichwani mkiwa bado mnang'oka meno ya utoto.

Zamani tulikaa bondeni, chini ya kijiji cha Mpemba, kijito kinapita hatua chache kutoka mlangoni. Nilikuwa nalala nasikia maji. Kisha ikaja habari ya kuhamia vijiji vya ujamaa, tukapimiwa viwanja juu kwenye tambarare, karibu na barabara kuu, nyumba zimepangwa mstari kama mahindi ya shamba la shule. Sisemi vibaya. Huko juu ndiko kulikuwa na shule, na zahanati, na duka la kijiji, na mimi nisingeijua hata a na e kama tungebaki kule. Ila maji hayakuhamishwa. Maji yalibaki palepale chini, na kati yetu na maji kukawa na mteremko ambao mbuzi mwenyewe alikuwa anaushuka kwa kufikiri.

Siku ya kuhama lilikuja lori. Pale kwenye kona ya kupanda, lori likakohoa, likasimama. Dereva akatoa kichwa nje, akaangalia nyuma, akasema yule mama mnene ashuke. Mle ndani kulikuwa na watu wamejaa, na magunia, na vinu, na mbuzi wa balozi wetu wa nyumba kumi. Lakini aliyeambiwa ashuke ni shangazi Rode peke yake. Akashuka. Lori likapanda. Watu wakacheka, na mimi, nisiwafiche, nilicheka pia. Shangazi aliupanda mlima ule kwa miguu, jogoo kwapani, na alipofika juu hakumsalimia mtu. Tangu siku ile ulimi wake ukawa wembe. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, amejengewa nyumba ya pili kutoka kwetu, na kila asubuhi alikuja kumalizia usingizi wake kwenye kizingiti chetu huku akitusema.

Sasa niwaambie habari ya mama. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, na baada yangu mama alipoteza mimba mbili. Watu walikuwa wanalitazama tumbo lake kama wanavyotazama wingu la mwezi wa kumi, litanyesha au litapita. Alipopata mimba nyingine mkunga akamwambia apunguze mizigo. Maneno mazuri, lakini maji yako chini na mtungi uko juu. Debe moja kichwani, safari tatu, ndipo mtungi ujae. Kila alipokuwa anapanda nilitembea nyuma yake na kibuyu changu, natazama visigino vyake. Visigino vikitetemeka, na mimi natetemeka. Nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, na nililisema kila siku kwa maneno yaleyale ili asilisahau: huyu afike.

Wakati huohuo reli ya kwenda Zambia ilikuwa inajengwa, inapita karibu na kwetu. Baba alipata kazi kwenye kundi la watu wa kuvuta kamba za chuma na kupaka grisi, chini ya fundi mmoja Mchina. Jina lake la kweli hatukuliweza. Tulimwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno la Kiswahili alilolipenda kuliko yote. Mkinyanyua chuma, taratibu. Ukila kiazi cha moto, taratibu. Alikuwa mwembamba, mkimya, ana kikombe cha bati kilichobanduka rangi ukingoni, na chuma kizito hakukiagiza kwa kidole, alikishika yeye kwanza. Baba alimpendea hapo. Kambini kwao walilima mboga ambazo sisi hatukuwa tumeziona, na nikianza habari ya zile mboga leo sitarudi.

Siku moja wakati wa chakula Taratibu akawaeleza kazi aliyoifanya kwao kabla ya kuja huku, kwa mikono na kwa msaada wa kijana wao mkalimani. Alisema kwao kuna mito mikubwa, meli zinapita. Wakajenga bwawa la umeme, ukuta wa zege mrefu kama kilima, mto ukazibwa. Umeme ni mzuri, lakini meli zikifika kwenye ukuta zinakwama. Basi ikabidi waanze kujenga lifti ya meli. Baba hakujua lifti ni kitu gani, kwa hiyo Taratibu akachora kwenye vumbi. Ni kama karai la chuma, refu kupita mabehewa, limejaa maji. Meli inaingia huku inaelea, mlango unafungwa nyuma yake, halafu karai lote linavutwa juu, na maji yake na meli yake, mpaka kwenye usawa wa bwawa. Upande wa pili wa kamba kunaning'inia vizito vya kulingana nalo. Karai likipanda, vizito vinashuka. Mashine haivuti sana, kazi inafanywa na mizani. Na kazi ya Taratibu ilikuwa hivyo vizito, kuhakikisha vinalingana.

Jambo lililomshinda baba kulielewa ni hili: meli iwe kubwa, iwe ndogo, au isiwepo kabisa, vizito havibadilishwi. Taratibu akajaza sufuria maji mpaka ukingoni, akaweka kikombe chake cha bati kielee. Maji yakamwagika kidogo. Akasema, uzito uleule.

Baba alirudi nyumbani siku hiyo hajisikii njaa. Alitueleza mara mbili. Jumamosi akaeleza kwenye kimpumu, ile pombe yetu ya moto tunayonyonya kwa mirija, watu wamezunguka chungu kimoja. Angeeleza mahali pengine labda angepona. Pale watu waliachia mirija ili wacheke vizuri. Meli kupanda ukuta. Na maji yake. Shangazi Rode ndiye aliyempa jina. Kesho yake akafika kizingitini, akauliza, "Meli amekwishaamka?" Na tangu hapo baba akawa Meli, mpaka watoto wenzangu shuleni wakaniita binti Meli. Baba akirudi kazini, shangazi anamuuliza leo zimepanda ngapi. Baba anajibu zimepanda mbili, ya tatu ilikuwa na dada yangu ndani ikagoma. Hapo shangazi anaondoka bila kuaga, na baba anabaki anajuta.

Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nimeelewa, au niseme nilidhani nimeelewa. Kama meli nzima ikiwekwa kwenye karai haina uzito, basi kitu kikielea kinakula uzito. Ndivyo nilivyolipokea kichwani mwangu. Na nyinyi mnakumbuka, kila mwanamke aliyetwika debe aliweka majani juu ya maji ili yasiruke njiani. Mimi nikaona wanawake wote wa kijiji wanakaribia siri ile bila kujua. Majani ni madogo. Inatakiwa meli.

Nilimwomba baba anichongee. Alichukua kipande cha mninga kilichobaki kwenye mlango, akanichongea mtumbwi wa kiganja kimoja, umechongoka mbele. Asubuhi, kule kijitoni, mama alipojaza debe nikauweka juu ya maji, katikati ya majani. Nikamwambia ni meli ya kumsaidia. Akaniangalia, akajitwika. Tulipofika juu nikakimbilia mlangoni kumuuliza.

"Vipi, mama?"

"Leo jepesi," akasema.

Nani angenishika? Nilitembea siku nzima kama nimevaa viatu. Kesho yake nikaweka mtumbwi na kipande kingine. Jepesi zaidi, mama akasema. Kisha ukavunjika mchi wa zamani wa shangazi, nao ulikuwa wa mninga, nikauokota, nikawa naingiza vipande viwili vya mchi ndani ya debe, vimesimama, vinaelea vichwa nje kama viboko. Mama alitwika. Tukifika juu alimimina maji kwenye mtungi mwenyewe, akavitoa vile vipande kimyakimya, akanirudishia. Kitu kimoja tu sikukielewa. Mtungi uliokuwa unajaa kwa safari tatu ukaanza kutaka nne. Nikadhani umepata ufa.

Ikafika asubuhi moja ya mvua, njia imeteleza. Tulikuwa safari ya nne. Katikati ya mteremko kuna jiwe kubwa, wanawake walipumzikia hapo. Mama akalifikia, akashusha debe, akakaa, akashika tumbo chini. Hakulia. Aliniambia tu nimwite shangazi. Shangazi Rode alishuka mteremko ule kwa namna ambayo sikujua anaweza, akamshika mama, mwanamke mwingine aliyekuwa anapita akamshika upande wa pili, wakampandisha mpaka ndani. Kisha shangazi akarudi, akatwika lile debe mwenyewe, akalileta, akamimina kwenye mtungi. Maji yakatoka kidogo. Halafu vikaanguka vipande vya mchi wake.

"Hiki nini?"

"Meli," nikasema. "Ya mama. Inapunguza uzito."

Alivigeuza mkononi. Akachungulia ndani ya mtungi, akachungulia ndani ya debe. Nilikuwa nangoja asifie, Mungu ni shahidi wangu.

"Mama yako anapandisha kuni," akasema polepole, "kwa sababu ya hadithi za baba yako."

Mkunga alikuja, akampapasa mama, akasema mtoto bado yumo, ameshika kwa kucha. Mama asinyanyue hata sahani mpaka siku yake. Ilikuwa bado miezi mitatu na zaidi. Baba aliporudi, shangazi hakumuuliza zimepanda ngapi. Alivipanga vile vipande miguuni pake, akamwambia amemjaza mtoto meli kichwani na mke wake amemjazia magogo. Baba alisimama na grisi yake mikononi.

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kihenge cha mahindi, nangoja fimbo. Haikuja. Baba alinitoa kule, akanikalisha uani, akaleta karai, sinia na sufuria. Akajaza karai mpaka ukingoni, akaliweka ndani ya sinia. Akaweka mtumbwi wangu na vile vipande. Maji yakamwagika kwenye sinia, akayakusanya kwenye sufuria, akanipa nishike. Kisha akavitoa vipande. Karai likabaki pungufu.

"Unaona?" akasema. "Karai halikuzidi uzito, lakini halikupungua pia. Maji ndiyo yalitoka, ikaingia mbao. Mama yako alibeba uzito uleule na maji yakawa machache, ndiyo maana akarudi mara ya nne."

Nikamwambia yeye alisema meli haina uzito.

"Nilisema nusu," akasema. "Nusu nyingine sikuisema kwa sababu hata mimi nilikuwa naifurahia tu. Kosa ni langu, usilibebe wewe."

Nimeishi na watu wengi baada ya hapo, walimu, wachungaji, mume, na ni wachache niliowasikia wakimwambia mtoto neno la namna hiyo. Lakini nililibeba. Asubuhi yake nilichukua debe badala ya daftari. Mwalimu aliita jina langu siku tatu, siku ya nne akaacha. Debe lilikuwa kubwa kuliko mimi, nilikuwa nalijaza nusu, shangazi anabeba lake na la kwetu, na bado mtungi unalia mkavu. Mama akilala ndani alisikia kata ya kuchotea inavyogonga chini ya mtungi, akaanza kuinuka. Tulimrudisha kitandani mara ngapi sijui. Kila mtu alijua ataamka tu siku moja tusipokuwepo.

Baba akaenda kwa Taratibu. Hakwenda kuomba kitu, alikwenda kumweleza ile sufuria yake imefika wapi. Taratibu alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Jumapili, siku yao ya kupumzika, akaja kwa miguu na yule mkalimani, akasalimia, akaenda kukaa juu ya lile jiwe katikati ya mteremko. Akakaa asubuhi nzima. Wanawake wanashuka, wanapanda, yeye anatazama. Wengine wakaanza kujifunga kanga vizuri, wengine wakauliza kama anatafuta mchumba. Mchana akapanda juu, akamuuliza baba swali moja: hapa juu, ni kitu gani kinashuka kila siku?

Baba akafikiri, akasema hakuna. Mazao tunapandisha, kuni tunapandisha, maji tunapandisha. Mawe tunaweza kushusha, lakini nani atayarudisha juu? Taratibu akaonyesha mwanamke aliyekuwa anaanza kushuka na debe tupu.

"Huyu," akasema. "Anashuka bure."

Nilikuwepo, nilimsikia. Mwanamke anashuka na uzito wake wote, na uzito ule unapotea kwenye magoti. Akae kwenye sanduku, ashuke, na upande wa pili wa kamba maji yapande. Kisha atapanda kwa miguu mikono mitupu. Lifti ya meli ile, bila meli.

Aliomba ruhusa kwa wakubwa wake, wakampa roda moja, lile gurudumu la chuma lenye mfereji wa kupitisha kamba, na kamba ya chuma iliyokuwa imestaafu kazi za reli. Balozi akaita watu wa nyumba kumi, wakakata miti, wakailaza kwenye mteremko njia mbili, wakaipaka grisi. Baba akatengeneza masanduku mawili ya mbao, kila moja la kukaa mtu mmoja au madebe mawili. Juu wakasimika nguzo nene, wakafunga roda, na pembeni gogo refu la kuibana kamba, ndilo breki. Wiki mbili za jioni na Jumapili. Watu walisaidia huku wanacheka, wanasema Meli amepata bandari.

Siku ya kujaribu kijiji kilikuja chote. Chini waliweka madebe mawili yamejaa. Juu wakaweka mawe kwanza, sanduku likashuka vizuri, madebe yakapanda hayajamwagika. Watu wakasogea mbele kidogo. Sasa mtu. Akakaa msichana mmoja wa kwaya. Sanduku halikusogea. Akatoka yeye, akakaa mwenzake. Likatetemeka, likagoma. Wakakaa wanne mmoja mmoja, wote wembamba, ile miaka hatukuwa watu wa kunenepa, na kila mmoja alibaki palepale juu anatikisa miguu. Vicheko vikarudi. Baba alikuwa anashika breki, jasho linamtoka, na nilimwona anageuka kumtazama dada yake kisha anatazama chini haraka. Balozi naye akatazama, akatazama pembeni. Kila mtu alikuwa anajua. Na kila mtu alikuwa anakumbuka lori.

Shangazi Rode alisimama nyuma kabisa, mikono ameikunja, anajua anatazamwa.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Au ninajua: nilikuwa nimekaa siku nyingi na vile vipande vya mchi rohoni, na mama alikuwa ndani peke yake, na mtungi ni mkavu. Nilikwenda mbele yake nikapiga magoti, kama tunavyowapigia wakubwa.

"Shangazi," nikasema, "kaa wewe. Wewe unatosha."

Hakuna aliyecheka. Alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze. Kisha akakunjua mikono, akajifunga kanga upya, akapita katikati ya watu.

"Nikikaa, akacheka mtu mmoja," akawaambia, "nashuka na hili sanduku mpaka Zambia, na maji mtachota kwa vijiko."

Akakaa. Sanduku likalia. Baba akaachia breki kidogo, Taratibu amesimama kando yake, mkono juu ya mkono wa baba, anasema lile neno lake, taratibu, taratibu. Na shangazi akaanza kushuka. Alishuka amenyooka, kichwa juu, kama mke wa mkuu wa wilaya, na upande wa pili, kutoka kule chini, madebe mawili yakaanza kuja. Majani yametulia juu ya maji. Nilikuwa natazama mmoja anashuka na madebe yanapanda, wakakutana katikati pale penye jiwe, shangazi na maji ya mama, wakapishana. Yalipofika juu baba aliyashika kwa mikono miwili na hakuyatua mara moja. Alikuwa analia.

Nitasema nini zaidi? Miezi mitatu, kila asubuhi, shangazi alimteremkia mama mara mbili. Neno hilo la kuteremkia lilizaliwa pale, usilitafute shuleni. Akimaliza ya mama, wanawake wengine wanamzunguka, wifi yetu, dada yetu, tuteremkie na sisi. Wale waliocheka kwenye lori walingoja kwanza, na yeye aliwangojesha kwa furaha kabisa, anauliza kwa sauti, "Leo nani anamtaka mama mnene?" Wanampelekea viazi, wanampelekea maziwa, wanamkataza kufunga siku za maombi ya kanisa asije akapungua. Kupanda kurudi juu kulimtesa, alipumzika mara tatu au nne, na mimi nilimsukuma kiuno. Hakuwahi kuruka siku. Alipopata homa alikuja na blanketi, akashuka na blanketi. Nikarudi shule. Mwalimu akaita jina langu tena, nikaitika, na hayo mnayosoma hapa yametoka huko.

Mtoto alifika. Wa kiume, wakati wa kuvuna, mkubwa mpaka mkunga akaomba maji ya kunywa. Shangazi alimpokea kwenye kanga, akampima kwa mikono, akasema, "Huyu naye atateremsha." Taratibu alikuja kumwona. Nilitaka kumpa kitu na sikuwa na kitu, nikampa ule mtumbwi wa mninga. Akautia kwenye kikombe chake cha bati, akaondoka nao hivyo. Reli ilipovuka mpaka hatukumwona tena. Mjukuu juzijuzi alinionyesha kwenye simu lifti kubwa ya meli ya huko kwao, meli ya ghorofa inapanda ukutani ndani ya karai lake. Nilitazama mpaka simu ikazima. Nilikuwa natafuta kwa pembeni, labda kuna mzee mwembamba amesimama.

Mama nilimuuliza nikiwa mtu mzima, tunapukuchua mahindi, kwa nini aliniambia debe jepesi na alikuwa anavitoa vile vipande mwenyewe, anaona. Hakuacha kupukuchua.

"Ningesemaje?" akasema. "Ulikuwa unaniangalia usoni."

Sasa narudi kwenye jeneza. Sisi wa kwetu tunazikwa bondeni, penye mahame ya zamani, kwa hiyo shangazi ilibidi ashushwe kwa mteremko uleule. Bomba la maji lilishafika kijijini miaka mingi, njia ya masanduku imeota majani, nguzo imebaki kisiki. Vijana sita walibeba. Mmoja akanong'ona kwamba bibi ni mzito. Mdogo wangu, yule mtoto wa kanga, sasa ana mvi, alikuwa mbele. Walipobadilishana mara ya kwanza alikataa, na mara ya pili akakataa. Penye jiwe njia iliteleza, akageuza shingo, akawaambia wa nyuma, "Taratibu."

Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikageuka kutazama upande wa pili wa mteremko, kuona kama maji yanapanda.